Mushahara wa Bwana, Posho ya Bibi: Historia ya Ukimya Ndani ya Nyumba za Lubumbashi



Munajua hapa tunapenda kuanza na tarehe. Leo nianze na swali, na kila mumoja ajijibu mu roho yake. Kama uko na ndoa, bibi yako anajua mushahara wako ni ngapi? Na wewe dada, bwana yako anajua feza yenye unapata ku kazi ao ku biashara?

Niliuliza swali hilo siku moja, tulikuwa watu saba, wote tulimaliza masomo ku UNILU, tumekaa chini ya muembe tunakunywa sukre. Kati yetu wanaume wane walikuwa na ndoa. Mumoja tu ndiye alijibu ndiyo. Wengine walicheka, na mumoja akasema: "Weye, siku utaambia mwanamuke mushara yako, umekwisha." Tukacheka tena. Lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu huyo mwenye kusema vile alikuwa ameniambia juma mbili mbele kama kwake wanakula bukari bila kuzungumuza, na bibi yake anafikiri kurudi kwao.

Watu wengi wanafikiri ile sheria ya kuficha mushahara ni desturi ya mababu. Mimi ninaona si vile. Kwa sehemu kubwa ilitengenezwa hapa hapa mu muji wetu, na tunajua zaidi ya hapo ni wakati gani na kwa njia gani. Na kwa sababu inajulikana namna ilitengenezwa, inajulikana pia namna watu wengine waliivunja ili ndoa yao ipone. Hiyo ndiyo historia ninataka tuzungumuzie leo.

MUJI WA WANAUME PEKE YAO

Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, ilizaliwa mu 1910, mwaka wenye njia ya treni ilifika kutoka Rhodesia. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeanzishwa mu 1906, na mu 1911 fonderi ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba. Ile shemine kubwa na ule mulima mweusi pembeni yake, vyenye tunapiga nyuma yake picha za arusi, vinatoka mu historia hiyo.

Wanaume wa kwanza walikuja kwa kontra ya miezi tu. Waliletwa kutoka Rhodesia, kutoka vijiji vya Katanga, kisha kutoka mbali zaidi. Walikuja peke yao, walilala wengi mu nyumba moja, walifanya kazi, na wengi walikufa na magonjwa ya mapafu na ya tumbo. Mwenye alipona alirudi kwao. Ndoa ilibaki kijijini. Kule ndoa haikuwa ya watu wawili peke yao: ilikuwa na wajomba, mashangazi, wazee, na kila mumoja alikuwa na shamba lake ao kazi yake yenye watu wote waliona kwa macho. Huwezi kuficha shamba la mihogo.

KAMPUNI INATAFUTA KUOLESHA

Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadilisha mawazo. Kuleta watu kutoka mbali, kuwafundisha kazi, kisha kuwaona wanaondoka kila mara, ilikuwa hasara. Basi wakaanza kutoa kontra za miaka mitatu, na wakaomba mwanaume aje na bibi yake. Mutu mwenye jina lake linahusiana sana na mupango ule ni daktari Léopold Mottoulle, Mubelgiji mwenye aliongoza mambo ya wafanyakazi weusi wa Union Minière. Mawazo yake yalikuwa wazi: mufanyakazi mwenye bibi anatulia, anakula vizuri, hakimbii, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho.

Hapo kampuni ikaingia ndani ya ndoa mpaka chini ya kitanda. Ilisaidia kijana kupata mali ya kuoa. Ilitoa nyumba. Ilijenga hospitali, maternite, masomo. Iliandika bibi mumoja tu ku kitabu chake. Ku kila kampi ilitia mukubwa mwenye watu walimuita changa-changa: ndiye aliangalia usafi wa nyumba, ndiye alisikiliza magombano ya bwana na bibi, na aliweza kuazibu. Wasichana na bibi waliitwa ku foyer, kujifunza kushona, kupika, kulea mutoto namna ya Wazungu.

Kitu chenye ninataka tuangalie kwa uangalifu ni namna mali iliingia nyumbani. Iliingia kwa milango miwili.

Mulango wa kwanza: mushahara. Feza hiyo ilitiwa mu mukono wa bwana, yeye peke yake.

Mulango wa pili: posho. Bunga, samaki, mafuta, chumvi, vilitolewa kwa hesabu ya watu: bwana, bibi, kila mutoto. Bibi ndiye alienda kupanga mustari na kikapo. Watoto nao walipewa chakula chao.

Munaona? Kama posho iko, bibi hana haja ya kuuliza mushahara. Na kama bibi hana haja ya kuuliza, bwana hana haja ya kusema. Bwana analeta kidogo ya nguo na sabuni, ingine anafanya namna anataka: kinga (baskeli), pombe, kusaidia ndugu, na wakati mwingine bibi wa pili mwenye hakuandikwa ku kitabu. Nyumba inaendelea. Chakula kiko, hospitali iko, masomo yako. Watu walizoea kusema kazi njo baba, kazi njo mama. Na kama kazi ni baba na ni mama, basi bwana na bibi ndani ya nyumba wanakuwa kama watoto wawili: kila mumoja anapata sehemu yake kutoka kwa muzazi, na wakigombana wanaenda kushitakiana kwake.

Nisieleweke vibaya. Maisha yale yalikuwa na mazuri mengi, na wengi kati yetu tuko na diplome leo kwa sababu babu alikuwa ku kampi. Wazee wanakumbuka wakati ule kwa machozi ya kweli. Lakini tuseme pia upande mwingine: kampuni ilifundisha bwana kazi ya mashini, ilifundisha bibi kushona, na haikufundisha hata siku moja wale wawili kukaa chini na kuhesabu feza pamoja. Ndoa yenye haijue kuhesabu pamoja inaweza kudumu miaka makumi, mradi muzazi wa tatu yuko hai.

WALE WENYE WALIJARIBU KUZUNGUMUZA: JAMAA

Kulikuwa na watu wenye waliona tatizo hili mapema, na ni hapa Katanga, na ni kwa Kiswahili.

Padri Placide Tempels, Mufransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mu 1933. Wasomi wanamujua kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu, chenye kilitolewa kwa Kifaransa hapa Élisabethville mu 1945. Lakini kazi yake yenye iligusa nyumba za watu ni ingine. Mu miaka ya 1950, ku kampi ya Musonoi karibu na Kolwezi, alianza kuzungumuza na wafanyakazi wa Union Minière na bibi zao. Aliwauliza mutu anatafuta nini ndani ya maisha. Kutoka mazungumuzo yale kukazaliwa kundi lenye liliitwa Jamaa. Likaenea Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, mpaka Kasai.

Mafundisho ya Jamaa yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Na kulikuwa na jambo moja lenye lilikuwa la ajabu kwa kampi ya wakati ule: haukuingia peke yako. Mukiwa na ndoa, munaingia bwana na bibi. Mulipewa somo na bwana na bibi wengine wenye waliingia mbele yenu, na wale ndio walikuwa baba na mama yenu mu Jamaa. Padri naye aliitwa baba, lakini alikuwa kati ya watu, hakukaa juu yao.

Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika nyumbani. Bwana na bibi walipaswa kuambiana mawazo yao. Ku Jamaa neno mawazo lilikuwa na uzito: mambo yenye unawaza, yenye unaogopa, yenye unatamani, hata ndoto. Mwanaume mwenye alizoea kurudi kazini, kula na kutoka, aliombwa kukaa na kumuambia bibi yake roho yake iko namna gani. Na bibi, mwenye alizoea kujibu "ndiyo bwana", aliombwa kusema pia. Ku mikutano wanamuke walisimama na kufundisha mbele ya wanaume.

Johannes Fabian, mwenye alifanya uchunguzi kati ya watu wa Jamaa mu miaka ya 1960, alitoa kitabu juu yao mu 1971. Mutu mwenye anasoma historia hiyo leo anaona jambo moja: wafanyakazi wale hawakuwa na shida ya chakula. Posho ilikuwa ikifika. Walikuja kwa Jamaa kwa sababu njaa yao ilikuwa ingine. Walikaa nyumba moja na hawakujuana.

Jamaa haikukosa matatizo. Tempels aliondoka Kongo mu 1962 na akafa Ubelgiji mu 1977. Vikundi vingine vilitoka ku njia, maaskofu wakaogopa, na mu miaka ya 1970 Kanisa likaweka mipaka migumu. Hapa sitafuti nani alikuwa na haki. Ninachukua kitu kimoja: kuna bwana na bibi wa kampi, bila masomo ya juu, wenye waligundua kama ndoa inatengenezwa na watu wawili wenye kusema kweli kwanza kati yao, mbele ya kupeleka maneno kwa ndugu ao kwa changa-changa.

WAKATI MUZAZI WA TATU ALIANGUKA

Union Minière ilichukuliwa na leta mu 1967, na kisha ikaitwa Gécamines. Desturi ya milango miwili iliendelea. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tone 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka. Mu 1991 kukawa upurukushani na wizi wa maduka. Mu 1994 kulitoka karibu tone 30,000 tu. Feza nayo ilikufa: mu 1993, wakati zaire mupya ilitolewa, moja tu ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Na mu 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango wenye uliitwa Départ Volontaire.

Kati ya hapo kulikuwa pia 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Bwana wa hapa mwenye alioa bibi wa Kasai, ao bibi wa hapa mwenye aliolewa kule, alisikia ndugu zake wakimuambia achague. Wengine walipanda treni pamoja. Wengine walitengana ku gare, na watoto wakashika mukono mumoja kila upande. Hayo ni mambo yenye familia nyingi bado haziwezi kuzungumuzia ku meza.

Professa Donatien Dibwe dia Mwembu, muwalimu wa historia ku UNILU, aliandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi kutoka 1910 mpaka 1997. Alikiita, kwa maana yake, bana Shaba wenye kuachwa na baba yao. Baba pale ni kampuni. Lakini mutu akisoma anaelewa kama kuna baba mwingine pia mwenye alipotea: baba wa nyumba, mwenye ukubwa wake ulikuwa umefungwa na mushahara. Mushahara ulipokwisha, hakujua tena yeye ni nani.

Na bibi? Bibi aliamuka saa kumi ya usiku. Aliuza bunga, makala, samaki, maandazi, ndizi. Alilima pembeni ya muji. Alivuka mpaka Kasumbalesa. Ndani ya miaka kidogo tu, feza ya chakula ilitoka kwa mwanamuke. Na wakati ule mambo yaligeuka: sasa ni bibi ndiye alificha. Alitia feza mu boite ya bunga, mu kitambaa, kwa dada yake. Si kwa ubaya. Alikuwa amejifunza kwa bwana yake mwenyewe.

KAYE YA MUZEE NA MAMA

Kuna muzee mumoja na bibi yake, ku Katuba, wenye ninaenda kuwaamukia mara kwa mara. Majina yao nitayaacha, na mahali muzee alifanya kazi pia nitapaacha. Waliniruhusu nieleze.

Kazi ya muzee ilipokwisha, alikaa karibu miaka miwili ku kiti mbele ya nyumba. Mama aliuza bunga. Kila jioni kulikuwa magombano, na neno lilikuwa lilelile: muzee anauliza feza ya leo ni ngapi, mama anajibu "ile yenye umeona ku sahani." Siku moja muzee alitafuta ndani ya vitu, akapata feza, akaenda kuinywa. Mama hakulia. Alifunga kitambaa, akachukua mutoto mudogo, akaenda kwa kaka yake Ruashi.

Alikaa kule miezi mitatu. Ndugu walikutana, kama kawaida. Muzee alilipa mbuzi. Alisema amekosa, watu wakapiga makofi, mama akarudi. Baada ya juma mbili magombano yakaanza tena.

"Mbuzi ilimaliza haya," mama aliniambia, "haikumaliza shida."

Nikamuuliza basi ni nini kilimaliza shida. Akaingia ndani, akatoka na kaye, kitabu cha watoto wa masomo, ganda lake limepasuka. Akasema: "Njo hii."

Ilikuwa hivi. Usiku mumoja umeme haukuwa, watoto wamelala, mama akamuambia bwana yake: "Baba, tusiite tena batu. Mimi na weye tu." Akatoa feza zote zenye alificha, akazitia ku meza. Muzee alifikiri ni mutego. Kisha akaanza naye kusema, na alisema mpaka jogoo. Alisema mushahara wake wa zamani ulikuwa ngapi, mwezi kwa mwezi, na wapi ulikuwa unaenda. Alisema juu ya deni zenye mama hakujua. Alisema juu ya mwanamuke mumoja wa Kenya. Mama alisema pia: kama alikuwa anapeleka habari za nyumba kwa dada zake na wanamucheka muzee, na kama kuna siku alimunyima chakula kwa makusudi ili asikie haya.

"Siku ile ndiyo nilijua bibi yangu," muzee alisema. "Tulikuwa na watoto sita tayari."

Kutoka siku ile waliandika. Feza ya kuingia, feza ya kutoka, kila jioni, wote wawili wamekaa. Mama hakuenda mbali sana na masomo, basi muzee ndiye aliandika na mama ndiye alihesabu. Ukitazama kaye utaona: bunga, makala, minerval, dawa, basi ya kwenda soko. Ukurasa mumoja uko na mustari mwekundu, na mama anacheka akiuonyesha: ni siku muzee alikunywa bia moja na akaiandika mwenyewe.

Kisha kazi. Muzee alianza kubeba gunia mpaka ku soko. Mwanzoni alibeba saa kumi ya usiku ili watu wa jirani wasione. "Nilikuwa na haya," alisema. "Mutu mwenye alikuwa na kofia ya kazi, leo anabeba bunga ya bibi." Ilimuchukua karibu mwaka mbele ya kubeba saa mbili ya asubui, jua likiwaka, na kusalimia watu. Baadaye alifungua shamba njia ya Kasenga. Leo watoto wawili kati ya wale sita wamemaliza universite.

Nisiseme ilikuwa rahisi. Mama alisema wazi kama jina la mwanamuke wa Kenya lilimukaa ku roho miaka mingi, na kuna majuma kaye ilibaki tupu. Lakini kila mara walirudi ku meza. Hawakusubiri mbuzi ingine.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, ukimya wa feza si heshima. Tumeambiwa bwana mwenye kusema mushahara wake anapoteza ukubwa. Historia inaonyesha kinyume. Ukubwa wenye ulisimama juu ya siri ulianguka siku siri ilikosa kitu cha kuficha. Muzee wa Katuba ana heshima leo mbele ya bibi na watoto kuliko wakati wa mushahara.

Pili, kosa si la upande mumoja. Ni rahisi kwetu wanaume kusema wanamuke wa leo wanapenda feza, na ni rahisi kwa dada zetu kusema wanaume ni waongo. Kikundi cha Mufwankolo kilituchekesha miaka mingi, ku radio na ku televizio, na magombano ya nyumba za Lubumbashi, na tulicheka kwa sababu tulijiona. Lakini ku meza ya usiku ule, bwana alisema kosa lake na bibi akasema lake. Kama mumoja tu angesema, ingekuwa kesi. Walisema wote wawili, na ndiyo maana iliitwa kutengeneza.

Tatu, ndugu wanasaidia kumaliza haya, wanasaidia kurudisha bibi, wanasaidia kutoa ushahidi. Tusiwazarau. Lakini kazi ya kila jioni haifanywi na mujomba, wala padri, wala pasta, wala changa-changa. Inafanywa na wawili.

Nne, kuna jambo la sheria lenye sisi wenye diplome hatuna ruhusa ya kukosa kulijua. Kode ya familia ya mwaka 1987 ilisema bibi anapaswa kumutii bwana, na ilimuomba ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya kisheria. Ile ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo na kuomba bwana na bibi wapatane. Neno ni hilo: wapatane. Na siku ya ndoa ku komini, muna haki ya kuchagua namna mali yenu itakaa: kila mumoja na yake, ao yenye mulipata ndani ya ndoa iwe ya wote, ao yote iwe pamoja. Wengi tunajibu haraka tu juu ya kwenda kupiga picha ku terril. Kaeni muzungumuze juu ya swali lile mbele ya siku ile. Kama hamuwezi kulizungumuza mukiwa bado wachumba, mutaanza lini?

Na tano, niseme bila kuzunguka: mahali penye kipigo, kaye haitoshi. Mutu mwenye anapigwa atafute usalama wake kwanza na wa watoto. Kutengeneza ndoa ni kazi ya watu wawili wenye wako huru kusema, na mutu mwenye kuogopa mukono hayuko huru.

Ndugu na dada, sisi ni kizazi chenye hakina tena kazi ya kuwa baba na mama. Hakuna posho yenye itafika ku mulango. Bwana anatoa masomo ya jioni, bibi anauza nguo ku simu. Mwezi mumoja huyu anapata, mwezi mwingine yule. Ndoa zetu hazina muzazi wa tatu wa kuficha ukimya wetu. Ni hatari, lakini ni nafasi pia. Tunaweza kuanza pale wazee wetu walifikia baada ya miaka ishirini ya maumivu.

Yule rafiki wa chini ya muembe nilimupelekea picha ya kaye ya mama, kwa ruhusa yake. Hakujibu siku ile wala kesho yake. Siku ya tatu aliniandikia maneno kidogo tu: "Nimenunua kaye. Leo mangaribi tutakaa."

Sijamuuliza ilienda namna gani. Hiyo ni ya wawili.

Na kwako wewe mwenye kusoma: ku nyumba ya wazazi wako, feza iliingia kwa mulango gani, na nani alijua? Waulize wangali hai. Utapata historia yenye haiko ku kitabu chochote cha maktaba.